Hongo Tuliyolipa Marenga Mkali

Tuliondoka Mpwapwa alfajiri, mimi na shemeji yangu, kila mtu na lita tano za maji mgongoni. Hija yetu haikuwa ya padri wala ya shehe. Tulitaka kupita kwa miguu kipande cha njia ya zamani ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, angalau mpaka Mvumi, tuwakumbuke wapagazi waliobeba pembe za ndovu na mizigo ya kilo thelathini na zaidi.

Chunyu tulifika jua limeshapanda. Jina lenyewe, lenye maana ya chumvichumvi, lingetosha kutuonya, lakini shemeji hakosi kuonja kitu. Akaonja maji, akatema.

Mbele ya hapo ndiyo Marenga Mkali, yaani maji makali. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliivuka nyika hii mwaka 1857, ila walioijua kweli ni wapagazi. Walikuwa na mbinu yao, telekeza: mnapika na kula mchana penye maji, mnajaza vibuyu, mnaondoka alasiri jua likilegea, mnatembea hadi giza, mnalala pakavu, asubuhi mnayafuata maji ya ng'ambo. Siku hizi neno hilo tumewaachia akina baba wanaokimbia watoto wao. Sisi wajuaji tukaingia nyikani asubuhi. Kufika saa saba mchana lita zangu tano zilikuwa zimebaki moja, na ulimi umekauka kama kipande cha ngozi.

Septemba Ugogo ni vumbi, upepo, na mibuyu isiyo na jani hata moja. Viatu vyangu vipya vilinipa malengelenge visigino vyote viwili. Shemeji, na katambuga zake za tairi, alikuwa anapiga mluzi. Sijamsamehe.

Jioni tulibisha kwenye boma la wafugaji. "Mbukwenyi," nikasema kwa Kigogo changu cha kuombea maji. Mzee akaitikia, akaanza kuuliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe ambao sina, na mimi macho yako kwenye kibuyu. Baadaye tukapewa maziwa ya mgando. Nimekunywa soda nyingi baridi Dodoma mjini, hakuna iliyofika hapo. Usiku baridi ikatuumbua, fisi wakalia kwa mbali, nikalala kama gogo.

Kesho yake tulikuta korongo kavu, na akina mama wamechimba visima mchangani, wanachota polepole kwa kata, wanasubiri maji yajitokeze tena. Punda walisimama na madumu ubavuni. Nilimwomba bibi mmoja maji. Akatupa tukanywa mpaka tukaona haya.

Shemeji akataka kutania. Zamani watemi wa Kigogo walitoza misafara hongo, wakilipwa kwa nguo na shanga, ndipo wapite na kunywa. Neno hilo nalo limeharibika ukubwani. Akauliza, "Bibi, tunadaiwa hongo kiasi gani?"

Bibi akacheka, akaonyesha dumu la lita ishirini. "Lipo hilo. Punda wangu mgonjwa. Nyumbani si mbali, mwanangu."

"Si mbali" ya Ugogo ipimwe na mwingine. Shemeji akanitazama mimi. Nikakunja shuka likawa kata ya kichwani, wakanitwika. Hatua mia za mwanzo nilijiona mpagazi kamili. Halafu shingo ikaanza kuzama kifuani, maji yakamwagika mgongoni, malengelenge yakapasuka. Nilipiga hesabu: kilo ishirini tu, theluthi mbili ya mzigo wa mpagazi, na yeye alitoka pwani nao.

Kwenye mti wa tatu nikatua. Mjukuu wa bibi, binti wa miaka kumi na miwili hivi, akaja bila kusema neno, akajitwika dumu, akatangulia mikono ikining'inia. Bibi akaniambia nipumzike, ugali wa uwele na mlenda vitakuwa tayari nikifika.