Simu zilivyogoma kwenye IPv6 ya mgahawa wangu

Fundi wa kwanza aliniambia, "Mama, zima hiyo IPv6, inachanganya simu za watu." IPv6 ni mfumo mpya wa anwani za vifaa kwenye intaneti; wa zamani ni IPv4. Nikamsikiliza karibu mwaka mzima. Mwaka huo wateja wangu hapa Mwanga, Kigoma, wengi wao abiria wanaosubiri treni, wakitumia waifai yangu walitakiwa na tovuti kila mara kuthibitisha kwamba si roboti. Sababu ni kwamba mtoa huduma huwarundika wateja wengi kwenye anwani moja ya IPv4, hivyo tovuti huishuku. Anwani hizo ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala lake kuu lilikauka 2011.

Nilipompigia mtoa huduma, kumbe IPv6 ipo, tena bila malipo ya ziada. Nikapewa fungu la anwani la ukubwa wa /56, yaani mitandao 256 ya /64, ukubwa wa kawaida wa mtandao mmoja. Mmoja nikauweka kwa wateja.

Fundi wa pili ndiye aliyenila siku tatu. Alitaka DHCPv6, huduma inayokipa anwani kila kifaa kinachoomba, igawe anwani zote, "kama tulivyozoea". Kompyuta ya binti yangu ikapata, tukapiga makofi. Simu zikagoma: ya mpishi, ya dada wa kaunta, za wateja. Nikanunua ruta nyingine, laki na ushee ikaondoka, zikagoma vilevile. Usiku wa tatu nikapanga simu 6 mezani, nikafungua maelezo ya mtandao ya kila moja. Tano za Android zilikuwa na anwani inayoanza na fe80 tu, ambayo haivuki ruta. Ya sita, iPhone, ilikuwa pia na inayoanza na 2, ambayo ndiyo ya kutokea intaneti. Hapo ndipo nilipong'amua: Android haiombi anwani kwa DHCPv6. Inasubiri ruta itangaze kiambishi cha /64, yaani sehemu ya mwanzo ya anwani, kisha inajitungia anwani yenyewe. Nikawasha tangazo hilo. Zikaitika moja baada ya nyingine, nami nikapiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio.

Halafu kuna wanaoshauri ufunge ICMP yote, yaani jumbe ambazo vifaa hupeana kuhusu hali ya mtandao, kwa ajili ya usalama. Wakatalie! Kwenye IPv6 ndiyo inayobeba tangazo lenyewe, na ndiyo inayomwarifu mtumaji kwamba pakiti yake ni kubwa mno, maana ruta za njiani hazizikati. Mimi nimezuia tu miunganisho inayoanzishwa kutoka nje. IPv4 nimeiacha iendelee kufanya kazi, tovuti nyingi bado ziko huko peke yake, na huko maswali ya roboti yangalipo. Kwenye zenye IPv6 sijayaona tena.