Ada ya kuingilia unapohama mfuko

Katika chama chetu hapa Likoni, kila bei za hisa zinapopanda katika soko la Nairobi, hakosi mwanachama wa kupendekeza tutoe akiba kwenye mfuko wa soko la fedha, unaokopesha serikali na benki kwa muda mfupi, tuipeleke kwenye mfuko wa hisa, unaonunua hisa za kampuni. Sipingi kuhama. Ninachosisitiza ni kwamba tujue gharama yake kabla ya kutia saini.

Hapa Kenya mifuko mingi ya soko la fedha haitozi ada ya kuingilia, ilhali mifuko ya hisa mara nyingi hutoza asilimia fulani ya fedha unazoweka, nayo hukatwa kabla vipande, yaani sehemu zako katika mfuko, havijanunuliwa. Chukua shilingi 200,000 na ada ya asilimia 3: zitakazowekezwa ni 194,000. Ukiingiwa na hofu ukarudi kwenye soko la fedha, kisha ukarejea tena kwenye hisa na kutozwa upya, utabaki na shilingi 188,180, hata kama bei hazikusogea kamwe.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni aina ya fomu wanayojaza. Meneja, yaani kampuni inayoendesha mifuko, akiwa na mifuko kadhaa huwa na utaratibu wa kuhamisha kutoka mmoja hadi mwingine, ambao si sawa na kutoa fedha. Ukihamisha, ada aghalabu hupunguzwa au husamehewa, lakini ukiuza vipande, ukasubiri fedha ziingie benki na kununua upya, unaweza kutozwa kama mteja mgeni. Hata hivyo masharti yasomwe kwa makini, kwa sababu msamaha huo wakati mwingine ni wa fedha zilizokwisha kulipiwa ada tu, na zile zilizoingia bure kupitia soko la fedha hutozwa ada kamili zinapovuka kwenda kwenye hisa. Ndiyo maana namsihi mweka hazina wetu asitupe taarifa yoyote ya akaunti inayoonyesha ada tuliyolipa, hata iwe ya zamani namna gani.

Kwenda kwa meneja mwingine ni ghali zaidi, maana huko kwa kawaida utaanza upya, na fedha zikiwa njiani kwa siku mbili tatu za kazi hazizai chochote.

Kiwango cha ada kilichoandikwa mara nyingi ndicho cha juu kabisa, kwa hiyo chama chenye kiasi kikubwa kina haki ya kuomba kipunguziwe. Jibu la simu silikubali: naomba barua pepe inayotaja asilimia, kiasi kwa shilingi na idadi ya vipande tutakavyopata, kisha ndipo wanachama wapige kura.