Mzaha wa Haydn

Jioni ile tulitimia wote wanne, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuru. Kwaya ikikosa mwimbaji mmoja itaimba tu, lakini kundi letu la vyombo vya nyuzi halina akiba: asipokuja wa selo, kile chombo kikubwa chenye sauti nzito, hakuna muziki. Tarehe tulikuwa tumeipanga na kuipangua mara nyingi, huyu ana zamu ya usiku, mtoto wa yule anaumwa. Basi sofa zilisukumwa ukutani nyumbani kwa Selo (tulishazoea kuitana kwa majina ya vyombo), stendi za noti zikasimamishwa, na ubishi ukaanza hapohapo: kati ya fidla mbili, ipi imeshuka sauti?

Fidla ya Kwanza ndiye aliyechagua kazi ya siku hiyo, ya pili kati ya zile sita za mtunzi Haydn zilizo kwenye opus 33, yaani mkusanyo wenye namba hiyo, zilizotungwa mwaka 1781. Wanamuziki wameipa jina la utani, Mzaha. Alitugawia karatasi akasema, “Mkifika mwisho, hesabuni. Msinitazame mimi.”

Sehemu ya kwanza ilitushinda kwa kasi. Kundi la namna hii halina mwongozaji; mwendo hutoka kwenye pumzi ya fidla ya kwanza anapoinua upinde, naye alivuta pumzi ya mtu anayekimbilia basi. Fidla ya Pili akapotea. Karatasi ya kila mmoja ina sauti yake tu, kwa hiyo ukishapotea huna pa kuchungulia. Unatega sikio mpaka upite mlio unaoufahamu, ndipo udandie. Alidandia mapema mno, tukamkuta mbele anatungoja. (Mwimbaji Michael Kelly aliwahi kuwasikia Haydn, Mozart na wenzao wawili wakipiga pamoja mjini Vienna mwaka 1784, na alisimulia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hodari wa kupindukia kwenye chombo chake. Mozart, mtunzi mwenzake, alishika viola, ile inayofanana na fidla ila ni kubwa kidogo na sauti yake iko chini zaidi. Habari hiyo hunipa moyo sana.)

Nami napiga viola. Kazi yangu ni kukaa katikati na kujaza, nikiteleza pengine hajui mtu. Lakini sehemu ya tatu, ile ya polepole, Haydn ananyamazisha fidla zote mbili na kuiachia viola wimbo, selo ikiwa chini yake. Tulitazamana na Selo, tukavuta pumzi pamoja, tukaingia. Mtetemo wa nyuzi zake ulinifikia miguuni kupitia sakafu. Mwisho wa mstari tulichelewa kidogo, sote wawili, bila kupanga, na fidla zilipoupokea wimbo zikachelewa palepale. Kwa ajili ya mahali hapo tu ningekubali kupangua tarehe mwaka mzima.

Babu yake Selo alikuwa amekaa mlangoni na vitukuu vyake, wakitusikiliza. Sehemu ya mwisho ni ya mbio na furaha, kisha karibu na ukingoni Haydn anaukata wimbo vipande vipande, na baada ya kila kipande anaweka kimya. Sikujua kama kuna kazi ngumu kuliko watu wanne kunyamaza kwa pamoja, pinde zikiwa hewani, kila mmoja akihesabu kichwani na kuomba mwenzake asiingie. Kwenye kimya cha kwanza babu akapiga makofi. Tukaendelea. Kimya cha pili akapiga tena, watoto wakaangua kicheko, upinde wa Selo ukaanza kutetemeka. Kimya cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mzee akainuka aje kutupa mkono, nasi tukapiga, kwa sauti ndogo kabisa, kipande kilekile kinachoanzisha wimbo. Na kumbe huo ndio mwisho.

Babu akarudi kitini, akakunja mikono. “Safari hii sipigi.”

Tukamhakikishia kwamba tumemaliza kweli. Hakutuamini. Fidla ya Pili, ambaye bado roho ilikuwa inamuuma, akaomba turudie sehemu ya kwanza, ila polepole.

“Mnaona?” mzee akawaambia vitukuu. “Nimewaambia hawajamaliza.”