Mkono Upi?

Alfajiri ile mamangu alikuwa jikoni, nyumbani kwetu Kibokoni, akikanda unga wa mahamri. Mkono wa kulia ulikuwa ukikanda. Wa kushoto umelala tu ndani ya sinia, vidole vimezama ungani, hautikisiki.

"Mama, mkono una nini?"

"Mkono upi?" Maneno yalitoka yamelegea, na mdomo umeenda upande.

Hakuutambua kuwa ni wake. Hilo lilinitisha kuliko ule mdomo.

Tulimtoa kwa kiti cha plastiki, watu wanne, maana tuktuk haifiki kichochoroni kwetu. Hospitalini walipima presha, wakapima sukari, vyote sawa. Kisha daktari mmoja kijana akamsogeza leso juu kidogo, akaona mabaka yaliyofifia kwenye paji la uso, upande wa kulia.

"Hapa palikuwa na nini?"

Nikamweleza. Kumi la mwisho la Ramadhani alitokwa na mkanda wa jeshi, kuanzia kope hadi utosini, upande huo mmoja. Zahanati ikampa dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu. Majirani wakaleta majani ya mwarubaini. Baada ya Idi vipele vikakauka, nasi tukasahau. Sasa ilikuwa Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani.

Akatueleza kwamba virusi ni vilevile vya tetekuwanga aliyougua utotoni. Hujificha kwenye mizizi ya neva miaka na miaka. Vikiamka usoni, huweza kufuata neva mpaka kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Mishipa ikavimba, njia ikawa nyembamba, damu isipite. Kiharusi hicho huja wiki kadhaa, hata miezi, ngozi ikiwa imeshapona. Ubongo wake uliumia kulia, ndipo mkono wa kushoto ukalala.

Nami siku zote zile nilidhani ni maradhi ya ngozi! Dawa ya virusi ilifaa ianze ndani ya siku 3 tangu vipele kutoka. Ningelijua, ningelimbeba usiku uleule. Jambo hili lanichoma mpaka leo.

Maji ya uti wa mgongo yalipopimwa, ikathibitika. Akatundikiwa dripu ya asiklovia, ndiyo hiyo dawa ya virusi, kila baada ya saa 8, kwa siku 14, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe wa mishipa.

Siku ya tisa nilikuwa nikimnywesha uji. Akaushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua, akautazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, huu si wangu huu? Mbona mzito hivi?"