Nilivyowafafanulia wanafunzi kwa nini Luteni Jenerali yuko juu ya Meja Jenerali

Nafundisha historia sekondari, na tukifika kwenye vita na wafalme wa Ulaya kuna swali ambalo mwanafunzi makini lazima aliulize. Meja ni mkubwa kwa Luteni. Sasa imekuwaje Luteni Jenerali ampite Meja Jenerali? Hata JWTZ mpangilio ni huohuo. Kumwambia mtoto akariri tu sikutaka, maana swali lake lina jibu.

Nilichofanya ni kukiuliza kila cheo: mwenye jina hili zamani alifanya kazi gani? Daftari langu likawa na upande wa cheo na upande wa kazi. Luteni ni neno la Kifaransa, mtu anayeshika nafasi ya mwingine, yaani kaimu. Kapteni ni kichwa cha kikosi. Kanali ametokana na safu ya askari kwa Kiitaliano.

Meja ndiye aliyenichukulia muda, kwa sababu jina lake limekatwa. Karne ya 16 na 17 aliitwa Sajenti Meja, naye alikuwa afisa mzito, wa tatu baada ya Kanali na Luteni Kanali. Jenerali nalo lilikuwa sifa tu, maana yake "wa jeshi zima". Tazama jeshi jipya la Bunge la Uingereza la mwaka 1645: Thomas Fairfax alikuwa Kapteni Jenerali, Oliver Cromwell Luteni Jenerali wa wapanda farasi, na Philip Skippon Sajenti Meja Jenerali wa askari wa miguu. Mkuu wa jeshi zima, kaimu wake, halafu sajenti meja. Niliandika vyeo hivyo vitatu ubaoni, kimoja chini ya kingine, kisha nikachukua dasta nikafuta "Kapteni" pale juu na "Sajenti" pale chini. Darasa zima likaguna kwa pamoja. Sikuhitaji kuongeza neno.

Kwa makabaila nilitumia njia ileile. Duke alikuwa kiongozi wa vita, kwa Kilatini dux. Markizi alilinda jimbo la mpakani. Lakini kinachonifurahisha kuliko vyote ni banda la farasi. Marshali, kwa Kijerumani cha kale, ni mtumishi wa farasi. Konstebo, kwa Kilatini, ni mkuu wa banda la farasi la mfalme. Kule Ufaransa mwenye cheo hicho alipanda hadi kuongoza majeshi yote ya mfalme, mpaka kilipofutwa mwaka 1627. Leo marshali ni kilele cha jeshi katika nchi nyingi, na konstebo ni askari polisi wa ngazi ya chini kabisa. Wametoka banda moja! Mwalimu mwenzangu, ukitaka darasa lichangamke, anzia hapo.

Njia hii ilitufaa hata tulipofika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambako vitabu vinamtaja ombasha. Ni Kituruki, mkuu wa watu kumi. Cheo hicho kilikuja na askari wa Kisudani ambao Hermann von Wissmann aliwaandikisha Misri mwaka 1889, na jeshi la Misri lilikuwa likitumia vyeo vya Kituruki. Siku hizi kikitokea cheo kigeni, wanafunzi hawaniulizi tena kiko juu ya kipi. Wanauliza mwenye nacho alikuwa akiongoza nani.