Kambale wa Chini ya Ukuta

Basi dogo liliondoka stendi ya Igumbilo asubuhi na mapema. Agosti ya Iringa haina mchezo. Nilivaa sweta mbili na bado nilijikunyata. Mapajani nimepakata fimbo ya kuvulia, ile ya kukunja, niliyoinunua Dar es Salaam. Konda aliitazama weee, akashindwa kuvumilia.

"Braza, hiyo antena?"

Tulipoanza kuteremka kona za Nyang'oro, nikavua sweta ya kwanza. Izazi nikavua ya pili. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati bwawa la Mtera likijaa kabisa maji yake yako mita 698 na nusu. Tofauti hiyo masikio yanaanza kuijua, halafu shingo, jasho linapotiririka. Mibuyu ikaanza kujitokeza, na Migoli harufu ya samaki wa kukaanga ikaingia dirishani kabla sijaona kibanda hata kimoja.

Wengi safari yao ya samaki huishia hapo: gari linasimama, mabeseni yananyanyuliwa hadi dirishani, unalipa, unafungiwa. Mimi nilitaka wa kuvua mwenyewe, tena mtoni, chini ya ukuta wa bwawa. Kosa ni la simu. Nilikuwa nimekesha nikitazama Wamarekani wakivua kambale na samaki wanayemwita bass chini ya mabwawa yao, wanarusha samaki wa plastiki mwenye rangi za harusi, dakika mbili fimbo imepinda.

Mwenyeji wangu alikuwa baba mdogo wa rafiki yangu, kwa hiyo na mimi nikamwita baba mdogo. Nikamwamkia "Kamwene" ya Kihehe, akaitika, kisha akageuka kumjibu jirani aliyemwambia "Mbukwa" ya Kigogo. Mtera ndivyo ilivyo: huku Iringa, ng'ambo Dodoma, kwa hiyo mtu anaamka na salamu mbili mdomoni.

Barabara kuu inapita juu ya ukuta wenyewe. Upande mmoja ni ziwa, na miti iliyozama tangu bwawa lilipojaa bado imesimama, mikavu, tai wamekaa juu yake. Upande wa pili unachungulia mawe na Ruaha Mkuu uliopungua. Ukuta ulijengwa kwanza ili kukiwekea akiba ya maji kituo cha umeme cha Kidatu, kilicho chini zaidi mtoni. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja kuwashwa mwaka 1988. Nilipotaka kutoa simu nipige picha, baba mdogo alinishika mkono tu. Wala karibu na ukuta hatukuvua. Tulitembea kwenye miiba ya migunga mpaka ukuta ukapotea nyuma yetu, ndipo akachagua kidimbwi kati ya mawe. Kabla sijakaa alizunguka kukagua matope ya ukingoni kama kuna alama za mamba.

Kisha akanionyesha jiwe jeusi lililochomoza majini, kama kichwa cha ng'ombe.

"Ukivua huku, boya liangalie kwa jicho moja. Jingine liwe hapo. Likizama, panda. Usiulize kwa nini, wala usikusanye vitu."

Maji ya hapo hayaongozwi na mvua ya siku hiyo. Milango ikifunguliwa huko juu, mto unapanda na mbingu nyeupe.

Saa mbili nzima nilirusha plastiki yangu. Hakuna hata aliyekuja kuidonoa. Baba mdogo alinyamaza kwa adabu, kisha akafungua mfuko wa nailoni, na nzi wote wa Mtera wakapata habari: utumbo wa kuku uliochacha siku mbili juani. Bass anawinda kwa macho, rangi zinamhusu. Kambale ana ndevu nane, anapapasa na kunusa kwenye maji ya matope ambayo macho hayasaidii kitu. Nikabadilisha chambo, nikaongeza chubwi zito ili kikae chini kabisa.

Wa kwanza kushika alikuwa ngogo, mdogo, mwenye madoa. Kumtoa ndoana nikamkamata kama ninavyokamata perege. Akalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, akasimamisha miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na wa ubavuni ukaingia chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Miiba hiyo ikishasimama inajifunga. Huwezi kuilaza kwa nguvu. Baba mdogo aliuchomoa taratibu, akacheka baadaye.

Jua lilipoinama niliona boya limetulia lakini limehama. Nikatazama jiwe. Kichwa cha ng'ombe kilikuwa kimebaki pembe.

"Panda!"

Nilipanda na fimbo mkononi. Boksi la plastiki zangu likabaki, likaenda zake kuelekea Kidatu. Na hapo, juu ya mwamba, maji ya matope yakivuta chini yetu, fimbo ikapinda. Kambale havuti kwa pupa. Anazama na kujizungusha, unadhani umenasa gogo linalopumua. Tukamtoa, mweusi, mrefu kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni.

Alisafiri ndani ya gunia hadi nyumbani, tukafika giza limeingia, na bado alikuwa anapumua hewa kama sisi. Mama mdogo akamsugua kwa majivu kuondoa utelezi, akamkatakata, akamtia nyanya na kitunguu. Ugali ulipotengwa, kidole changu kilikuwa kimevimba kama bamia na hakikuweza kumega tonge. Mkono wa kushoto mezani kwa watu siwezi. Mama mdogo akaniletea kijiko, na watoto walicheka mpaka wakafukuzwa jikoni.