Kumnasa mwenye duka: kumbukumbu ya banda langu la madaftari

Mwezi wa sita

Nafasi nimeshailipia. Ni maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa hoteli huko Nyali, Mombasa, mwezi wa tisa, na banda nililopewa ni mita mbili kwa mbili. Padogo, lakini siuzi makabati.

Kazi yangu ni madaftari ya kushonwa kwa mkono yenye jalada la kanga, na pembeni kadi za Idi, za harusi na za shukrani. Nimeyauza moja moja kwa muda sasa, na kero ya kuuza moja moja ni kwamba nikiuza sishoni, na nikishona siuzi. Kwa hivyo safari hii shabaha ni moja: wenye maduka. Mtu anayechukua dazeni mbili na kurudi zikiisha ananifaa kuliko umati wa kusifu na kununua kadi.

Sasa, utamjuaje? Kule Frankfurt, maonyesho ya Ambiente huingia wafanyabiashara peke yao, kwa hivyo anayesimama mbele yako ana duka au ametumwa na duka. Kwetu mlango uko wazi kwa kila mtu. Nenda Mkomani wakati wa maonyesho ya kilimo ya ASK uone: wanafunzi na familia ndio wanaojaza uwanja. Ukumbi wa Nyali utakuwa na watu wachache zaidi, ila mchanganyiko ni uleule. Mtalii, mama anayetafuta zawadi ya harusi, kijana wa chuo aliyeingia kwa ajili ya kiyoyozi, na katikati yao mwenye duka ambaye hakuandikwa kwenye paji la uso.

Mwezi wa saba: kaunta

Nimezunguka mjini na tepu ya kupimia mkobani. Maduka ya vitabu ya karibu na Moi Avenue, ya zawadi yanayoizunguka Fort Jesus, na mawili matatu ya Biashara Street yanayochanganya kanga na vitu vya zawadi. Sikwenda kuuliza bei. Nilikwenda kutazama kaunta, na karibu zote zinafanana: kibao cha Lipa na M-Pesa, kikokotoo kilichofutika namba, mkebe wa peremende, kitabu cha risiti, na kando yake kijisehemu kitupu ambacho mwenye duka huegemeza kiwiko. Hicho ndicho ninachokitaka. Ukikipima, mara nyingi hakizidi sentimita 35.

Daftari la A5 lina upana wa milimita 148. Mawili yakisimama ubavu kwa ubavu hayafiki sentimita 30. Fundi seremala wangu wa Majengo amenichongea stendi ya ngazi tatu yenye upana wa sentimita 32, kila ngazi inabeba manne, mawili mbele na mawili nyuma. Stendi ikijaa ni dazeni kamili. Hiyo ndiyo oda ya kuanzia: dazeni moja, na stendi yenyewe bure kwa anayeagiza mara ya kwanza.

Mpwa wangu, ambaye atasimama nami bandani, anaona natoa mbao za watu bure. Mimi naona hivi: mwenye duka akitazama bidhaa mpya, swali lake la kwanza ni ataiweka wapi na itakiondoa kitu gani. Uzuri wa kanga haumjibu. Stendi inamjibu kabla hajauliza.

Bei nayo nimeikalia siku kadhaa. Karatasi, kadibodi, uzi, gundi, kanga na malipo ya mkono wangu, daftari moja linanigharimu shilingi 210. Kwa jumla litakwenda 400, na dukani liuzwe 800. Kuna mwenzangu anayeuza mikoba aliyeniambia namnufaisha mno mwenye duka. Lakini mwenye duka ndiye anayelipa kodi ya chumba na mshahara wa kijana wa kaunta, na ndiye anayelaza pesa yake kwenye mali ambayo huenda ikanunuliwa mwezi ujao au isinunuliwe. Ukimwachia shilingi hamsini juu ya kila daftari atakuwekea kwenye kona ya chini, karibu na ufagio.

Kuna jambo jingine hapo ambalo watu wa mikono hatulitilii maanani. Bandani, anayenunua moja atalipa 800, hata awe jirani yangu wa mlango wa pili. Nikimwachia mpita njia kwa 400 huku mwenye duka anatazama, nimeshamwambia mimi ni mshindani wake. Karatasi ya bei ya jumla itakaa ndani ya jalada, kwenye droo, na itatoka akitokea mwenyewe.

Mwezi wa nane: unyevu

Madukani nilisikia swali moja kila mahali. “Hayatajikunja haya?” Wana haki. Hewa ya Mombasa ina maji, na kila mwenye duka ameshatupa mali ya karatasi iliyofanya mawimbi kwenye rafu.

Siri iko kwenye nyuzi. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja. Zikinywa unyevu hunenepa zaidi kuliko kurefuka, kwa hivyo karatasi hutanuka kwa upande unaokingama na nyuzi na si kwa kuzifuata. Ukishona daftari huku nyuzi zimekingama na mgongo, kurasa zitataka kutanuka kwa urefu wa mgongo, na pale tayari zimebanwa na gundi na uzi. Hazina pa kwenda, zinaumuka. Nyuzi zikilala sambamba na mgongo, karatasi hutanuka kuelekea ukingo ulio wazi na hakuna anayeona. Kujua uelekeo ni rahisi: kata kipande cha mraba, kilowanishe upande mmoja, ukiache. Kitajikunja kuwa bomba, na bomba lilivyolala ndivyo nyuzi zilivyolala.

Kadibodi ya jalada nayo ina tabia zake. Ukiibandika kanga upande wa nje tu, gundi ikikauka inaivuta na jalada linainuka pembe. Lazima ndani ubandike karatasi inayovuta upande wa pili, kisha daftari lilale chini ya uzito usiku kucha. Mimi natumia jiwe la kusagia la nyanya, ambalo siku hizi halisagi kitu.

Maelezo haya siwezi kumpa mtu aliyesimama bandani dakika mbili. Kwa hivyo nina daftari moja ambalo lilikaa barazani tangu mvua za masika, halikufunikwa wala kufungwa kwenye nailoni. Rangi imepauka kidogo, lakini jalada limelala sawasawa. Linakwenda Nyali jinsi lilivyo.

Kuhusu kanga yenyewe: kila kipande kina pindo, mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani msemo wake, na jina huandikwa mara moja tu. Nikipanga vizuri, kanga moja inanipa majalada kama kumi na sita, na katika hayo ni moja tu litakaloenea jina zima, tena jina lenyewe liwe fupi. Kila mtu anataka lenye maneno. Nimeamua kila dazeni itakuwa nalo moja, na kwenye stendi litasimama juu, mbele, kulia.

Mwisho wa mwezi wa nane: mwaliko

Kadi za mwaliko sikuchapisha. Nimeshona vijidaftari vya A6, vyote kwa kanga moja ya kijani kibichi, na ukurasa wa kwanza nimeandika kwa mkono namba ya banda na maneno haya: “Njoo nacho, ukiagiza dazeni ya kwanza nakuletea mpaka dukani bila nauli.” Nimevipeleka mwenyewe kwa maduka niliyoyapima, na kwa wanunuzi wa maduka ya hoteli za pwani ya kaskazini, kuanzia Nyali mpaka Shanzu. Vya Diani vimevuka Likoni mkononi mwa binamu yangu.

Mwaliko huu una kazi ya pili. Ukumbini nitamtambua mwenye duka kwa kitu cha kijani alichoshika.

Mwezi wa tisa: ukumbini

Meza tuliyopewa walikuwa wameiweka mbele ya banda, imeziba mlango mzima. Tuliisukuma ukutani na viti tukavirudisha kwa wahusika. Mtu akikuta meza imekingama husimama nje, akasoma, akapita. Pakiwa wazi anaingia hatua mbili, na akishaingia hana haraka ya kutoka.

Ukuta wa nyuma nilipanga kaunta ya duka. Stendi, kikokotoo, kitabu cha risiti, kibao cha M-Pesa na mkebe wa peremende. Mpwa wangu alicheka sana, na kwa kweli watoto walikuja kununua peremende mpaka tukaanza kuwagaia. Lakini wenye maduka hawakucheka. Walikwenda moja kwa moja pale na kusimama upande wa muuzaji, bila kuelekezwa.

Vya kijani vilirudi vingi kuliko nilivyotarajia, ila si wote waliovibeba. Hao wengine utawajua kwa mkono. Mnunuzi wa kawaida hufungua daftari aone kurasa. Mwenye duka huligeuza kwanza atazame nyuma: bei iko wapi, limetengenezwa na nani, kuna msimbo pau (barcode) au hakuna. Halafu haulizi “bei ya mwisho ngapi?” Anauliza, “Mnaleta?”

Mzee mmoja wa Biashara Street alikuja alasiri, baada ya sala. Alichukua daftari, akavuta uzi wa mgongo kwa kucha, akalilaza juu ya kaunta na kulikandamiza kwa kiganja.

“Mwanangu, hili likikaa kwangu masika mazima litakuwaje?”

Nikamtolea la barazani. Akalilaza kando ya jipya, akainama mpaka jicho likawa sawa na meza, akatazama kwa ubavu. Hakusema neno. Akaomba karatasi ya bei.

“Na mali kauli unatoa?”

“Mali kauli sitoi, mzee wangu. Lakini lisilonunuliwa kwa miezi mitatu, likiwa safi, nalichukua na kukupa la rangi nyingine.”

“Hiyo ni mali kauli iliyovaa kanzu,” akasema, na mwanawe aliyefuatana naye akacheka. “Haya, andika dazeni. Ila yenye maneno niletee mawili.”

Nikaandika, na mawili nikaandika.

Suala la mali kauli liliulizwa na karibu kila mtu, na msimamo wangu sikuubadilisha. Mali ya kulipwa baadaye haina mwenyewe. Ikivumbika hakuna anayeumia ila wewe, kwa hivyo inawekwa popote. Aliyelipa 4,800 ataisogeza stendi karibu na mlango bila kuombwa.

Dada wa duka la hoteli moja ya Diani hakuangalia stendi kabisa. Aliuliza kama natoa ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, kwa sababu bila hiyo mhasibu wao hawezi kuiandika gharama kwenye hesabu za kodi. Ninayo. Akasema nusu ya waliomvutia siku hiyo hawakuwa nayo, na hapo ndipo mazungumzo yao yalipoishia. Nitaiandika kwenye mwaliko mwakani, herufi kubwa, chini ya bei.

Kadi za Idi hazikuvuta wenye maduka. Idi iko mbali, walisema, na mali ya msimu huinunua msimu ukikaribia. Za harusi zilikwenda vizuri. Mwezi wa tisa unafaa madaftari kwa sababu maduka ya watalii yanajiandaa kwa Desemba, na ya vitabu yanatazama Januari shule zitakapofungua.

Mwezi wa kumi

Oda zilizoandikwa ukumbini ni chache kuliko zilizokuja baadaye. Wengi walisema “nitakupigia”, na hakuna aliyepiga. Niliwatumia ujumbe wa WhatsApp mimi, siku ya pili yake, kila mmoja na picha ya madaftari aliyoyashika yeye mwenyewe. Mpwa wangu alikuwa akiyapiga picha kimyakimya na kuandika jina la duka. Picha hiyo imefanya kazi kuliko maneno yangu yote. Mtu hukumbuka alichokigusa. Ijumaa adhuhuri simtumii mtu.

Mizigo ya mjini imekwenda kwa tuktuk, stendi ikiwa juu ya mapaja yangu. Kwenye duka moja nilisogeza mkebe wa peremende kwa mkono wangu, kwa idhini ya mwenyewe, na stendi ikakaa pasipobaki hata unywele.

Mnunuzi wa duka kubwa la mitandio na zawadi lililo Nyali anataka msimbo pau kwenye kila daftari kabla ya kupokea chochote. Namba za Kenya huanzia 616 na zinatolewa na GS1 Kenya, kwa ada. Nimepiga hesabu, na kwa oda anayoitaja ada hiyo itakula faida ya dazeni kadhaa za mwanzo. Nimemjibu tuzungumze mwezi wa kwanza.

Dada wa Diani amekubali dazeni mbili, lakini anataka zisizo na jina la kanga, kwa sababu wageni wake humuuliza maana na wafanyakazi wa zamu kila mmoja anatoa maana yake. Nimeshakata vitambaa vya mji mtupu. Zinavuka Likoni Jumatatu, na fundi wa Majengo nimemwagiza stendi nyingine sita.